Mpangaji Asiyelipa Kodi: Mamlaka na Mipaka ya Mwenye Nyumba katika Sheria ya Kenya

Kodi ya nyumba inapokoma kulipwa, mwenye nyumba hubaki na madai mawili ambayo kwa haraka huonekana kuwa ni moja. Dai la kwanza ni la fedha, yaani deni linalotokana na mkataba, na kwa asili yake halitofautiani sana na deni lingine lolote la kibiashara. Dai la pili ni la nyumba yenyewe, yaani haki ya kuirejesha mikononi mwa mwenyewe ili apate kumpangisha mtu mwingine anayeweza kulipa. Sheria ya Kenya inayatambua madai yote mawili na kuyalinda, lakini kila moja limewekewa njia yake, masharti yake na mlango wake wa mahakama, na sehemu kubwa ya kesi ambazo wenye nyumba hushindwa hutokana na kuchanganya njia hizo au kuziruka zote kwa pamoja. Mtu anayedai haki kamili ya kodi ya miezi mingi anaweza kuamriwa kumlipa fidia mpangaji yule yule anayemdai, si kwa sababu deni halikuwepo, bali kwa sababu alilidai kwa mkono wake mwenyewe mahali ambapo sheria ilimtaka aombe kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu kiasi cha deni wala idadi ya miezi iliyopita, bali aina ya upangaji. Nchini Kenya hakuna sheria moja inayosimamia uhusiano wote wa mwenye nyumba na mpangaji. Zipo sheria kadhaa zilizotungwa katika nyakati tofauti na kwa madhumuni tofauti, na nyumba mbili zinazopakana ukuta kwa ukuta zinaweza kuwa chini ya sheria mbili zisizofanana hata kidogo.

Kundi la kwanza ni la nyumba za kuishi zenye kodi ndogo, ambazo ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, iliyotungwa mwaka 1959. Sheria hii inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida, yaani kiwango kinachotambuliwa na sheria kuwa halali kwa nyumba hiyo, haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na migogoro yake husikilizwa na jopo maalumu la kodi badala ya mahakama ya kawaida. Kundi la pili ni la majengo ya biashara yaliyo chini ya Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Neno duka katika sheria hiyo limepewa maana pana, kwani linajumuisha mahali popote panapotumika zaidi kwa biashara ya rejareja au jumla au kwa kutoa huduma za malipo, hivyo kwamba kinyozi, mwenye kliniki na wakili mwenye ofisi ghorofani wote wanaweza kuwa ndani ya ulinzi wake. Upangaji wa biashara huhesabiwa kuwa umelindwa ikiwa haukuandikwa, au ikiwa umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au ikiwa mkataba una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Ndiyo sababu mikataba mingi ya maduka katika miji ya Kenya huandikwa kwa muda wa miaka 5 na miezi 3, kipindi kinachoonekana cha ajabu mpaka ifahamike kwamba miezi hiyo mitatu imewekwa kuuvusha mkataba nje ya mipaka ya Sura ya 301.

Nyumba na majengo yote yaliyosalia, yaani nyumba za kuishi zenye kodi inayozidi kiwango kilichotajwa na majengo ya biashara yenye mikataba mirefu, yanaangukia chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 pamoja na masharti ya mkataba wenyewe. Kundi hili ndilo lenye wapangaji wengi zaidi wa mijini leo, ingawa ndilo lililoandikiwa kinga chache zaidi.

Kabla ya kueleza njia zilizo halali, inafaa kuitaja ile inayotumiwa sana na isiyo halali. Mwenye nyumba aliyechoka kungoja huenda akatia kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, akakata maji na umeme, akang'oa mlango, au katika mitaa ya nyumba za mabati akaezua paa, kwa matumaini kwamba mpangaji ataondoka mwenyewe na jambo liishe bila gharama. Vitendo hivi vyote vinavunja ahadi ambayo Sheria ya Ardhi inaiingiza katika kila mkataba wa upangaji hata kama haikuandikwa, nayo ni ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa, ilhali katika nyumba zinazosimamiwa na jopo la kodi kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Wapo wanaoamini kwamba kifungu cha mkataba kinachomruhusu mwenye nyumba kufunga mlango kodi ikichelewa kinahalalisha kitendo hicho. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu ulinzi uliowekwa na sheria kwa ajili ya wapangaji hauondolewi kwa saini ya mpangaji aliyekuwa na haja ya chumba, na mahakama ikipata mpangaji aliyetolewa bila amri yoyote, huweza kutoa zuio la kumrudisha ndani na kuamuru fidia ya mali iliyopotea au kuharibika.

Barua ya chifu nayo haina nguvu ya kumtoa mtu. Katika mitaa mingi mgogoro wa kodi hupelekwa kwanza kwa chifu au kwa mzee wa nyumba kumi, naye huwaita wahusika, akasikiliza na kuandika makubaliano, na huduma hiyo ni ya thamani kubwa kwa kuwa huokoa muda na ujirani. Hata hivyo chifu ni msuluhishi tu katika suala hili, na agizo lake la kumtaka mpangaji ahame kufikia siku fulani haliwi amri ya mahakama kwa sababu limepigwa muhuri.

Miongoni mwa njia halali, iliyo ya zamani kuliko zote na yenye kutisha zaidi ni ukamataji wa mali kwa ajili ya kodi, yaani haki ya mwenye nyumba kuchukua vitu vya mpangaji vilivyomo ndani ya nyumba na kuviuza ili kulipia deni, bila kwanza kupata hukumu ya mahakama. Haki hii ilitoka katika sheria ya kimila ya Uingereza, ikaingizwa Kenya wakati wa ukoloni, na leo inasimamiwa na Sura ya 293, ambayo inampa mwenye nyumba wa Kenya uwezo ule ule aliokuwa nao mwenzake wa Uingereza chini ya sheria hiyo ya kimila. Uingereza yenyewe iliifuta haki hiyo kuanzia tarehe 6 Aprili 2014, ikaweka mahali pake utaratibu mpya unaohusu majengo ya biashara pekee, kwa maoni kwamba si haki mdai kuwa mwamuzi wa deni lake mwenyewe na kuingia katika nyumba ya familia kuchukua vyombo. Kenya imebaki nayo, hata kwa nyumba za kuishi, na ni vigumu kuona sababu ya msingi ya kuendelea kuishikilia kwa upande huo wa makazi, hasa kwa kuwa mizani yake inamwelemea zaidi yule asiye na wakili.

Hata hivyo nguvu ya haki hii imezungushiwa masharti mengi. Kwanza, lazima uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji uwe hai na kodi inayodaiwa iwe imekwisha kufikia siku yake ya kulipwa, kwa kiasi kinachojulikana, kwani deni lenye ubishi wa hesabu halifai kukamatiwa mali. Pili, kazi yenyewe hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, naye huanza kwa barua ya maagizo ya mwenye nyumba inayoeleza kiasi cha deni na jina la mdaiwa. Tatu, ukamataji hufanyika mchana, wala mlango wa nje uliofungwa hauvunjwi, na dalali anayetarajia upinzani anatakiwa kuiomba mahakama amri ya kusaidiwa na polisi badala ya kuja na vijana wa mtaani. Nne, katika nyumba za Sura ya 296 hakuna mali inayokamatwa bila ruhusa ya jopo, na katika majengo ya biashara yanayolindwa, jopo linalosikiliza migogoro ya Sura ya 301 limepewa mamlaka ya kutoa ruhusa kama hiyo, hivyo mwenye nyumba mwangalifu huiomba kabla ya kumtuma dalali.

Siku dalali anapofika, kazi yake ya kwanza ni kuandika wala si kubeba. Huingia na fomu mkononi, akatembea chumba hadi chumba akiorodhesha kila kitu peke yake, kwa mfano makochi ya viti vitano yaliyochakaa, jokofu dogo linalofanya kazi, televisheni, meza ya kioo yenye ufa, na kando ya kila kimoja akaandika hali yake na thamani anayoikadiria, kisha mpangaji au mtu mzima aliyekutwa hapo akaombwa kutia saini. Vitu hivyo hubaki vilipo kwa siku zilizowekwa, lakini tangu saa ile viko chini ya mkono wa sheria, na mpangaji ana nafasi ya kulipa deni pamoja na ada ya dalali ili avikomboe, au ya kwenda mahakamani kupinga. Akilipa, orodha inakufa. Asipolipa, vitu huondolewa, hutangazwa na kuuzwa mnadani, na kinachozidi deni na gharama ni cha mpangaji. Orodha hiyo ndiyo kinga ya pande zote mbili, na dalali anayeiruka akapakia vyombo kwenye lori siku ile ile humwachia mwenye nyumba kesi ambayo ni shida kuitetea.

Si kila kilichomo ndani kinachukulika. Mavazi na matandiko ya lazima, zana za kazi za mpangaji kwa kiwango kilichowekwa, kitu ambacho mtu anakitumia wakati huo huo, na mali ya wateja iliyoletwa kwa fundi ili itengenezwe, vyote vina kinga. Fundi cherehani anayedaiwa kodi hawezi kupoteza vitambaa vya wateja wake kwa deni ambalo si lao. Mkaazi aliyepangishwa chumba na mpangaji mkuu anaweza pia kutoa tamko la maandishi kwamba vitu fulani ni vyake. Kwa upande mwingine sheria haimwachi mpangaji mjanja, kwa maana anayehamisha vyombo usiku kwa hila ili visikamatwe hujitia katika hatari ya kudaiwa thamani yake maradufu.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo wenye nyumba wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kukamata mali ya mpangaji ni kukiri kwamba upangaji bado unaendelea, kwa kuwa haki hiyo haipo bila upangaji. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetuma dalali leo na kesho akadai kwamba mkataba ulikwisha kufutwa kwa sababu ya kodi ile ile ya zamani anajipinga mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa anayepeleka notisi ya kufuta mkataba, kisha akapokea kodi ya mwezi unaofuata kupitia M-Pesa bila kusema neno, kwani kupokea kodi ya kipindi kinachofuata kosa analolijua huhesabiwa kuwa ni kusamehe haki ya kufuta. Ujumbe wa malipo unaoingia kwenye simu ukapuuzwa unaweza kubomoa kazi ya wakili ya miezi kadhaa. Mwenye nyumba anapaswa kuamua mapema anachokitaka, fedha au nyumba, na akipokea malipo ya sehemu aeleze kwa maandishi kwamba anayahesabu katika malimbikizo ya zamani na kwamba notisi yake inabaki palepale.

Akichagua nyumba, njia inaanza na notisi, na notisi hutofautiana kwa aina za upangaji. Katika biashara inayolindwa na Sura ya 301, notisi lazima iwe katika fomu iliyoandaliwa kisheria, ieleze sababu, na itoe muda usiopungua miezi 2. Mojawapo ya sababu zinazokubaliwa ni kwamba mpangaji ameshindwa kulipa kodi kwa miezi 2 baada ya siku ya kulipa, au kwamba ana desturi ya kuchelewa. Mpangaji asiyekubali huenda kwenye jopo kabla ya siku ya notisi kufika, na akifanya hivyo notisi hiyo inasimama mpaka jopo litoe uamuzi; asipokwenda, notisi inashika nguvu yenyewe. Barua ya kawaida ya wakili, hata iwe imeandikwa kwa ukali na ufasaha namna gani, haiwezi kuchukua nafasi ya fomu hiyo, na ajabu ni kwamba kosa hili dogo huendelea kuwaangusha watu wenye madai yasiyo na shaka.

Kwa nyumba za kuishi za kodi ndogo, jopo la kodi huweza kuamuru mpangaji atoke kwa sababu ya kodi isiyolipwa, lakini kwa sharti kwamba jopo lione kuwa ni haki na busara kufanya hivyo, ambapo hali ya mpangaji, historia yake ya malipo na uwezekano wa kulipa kwa awamu hupimwa. Kwa nyumba nyingine za kupanga mwezi kwa mwezi, ambazo hazina muda uliotajwa, Sheria ya Ardhi inaruhusu upande wowote kuuvunja upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wenyewe, ambacho kwa kawaida ni mwezi 1. Palipo na mkataba wa muda maalumu ambao haujaisha, mwenye nyumba hutegemea haki ya kuufuta kabla ya wakati kwa sababu ya ukiukaji. Sheria ya Ardhi inaiweka haki hiyo katika mkataba pale kodi inapokaa mwezi 1 bila kulipwa baada ya siku yake, hata kama haikudaiwa. Lakini inamlazimu mwenye nyumba atoe kwanza notisi inayotaja kosa na kumpa mpangaji muda wa kutosha wa kulirekebisha, nayo mahakama ikabaki na uwezo wa kumnusuru mpangaji atakayelipa.

Muda wa notisi ukipita naye mpangaji yungali ndani, hatua iliyobaki ni mahakama. Kesi nyingi za aina hii huanzia kwa mahakimu, ambao chini ya sheria ya mwaka 2015 wana uwezo wa kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, katika Amri ya 36, zinampa mwenye nyumba njia ya mkato, ambayo ni kuomba hukumu ya muhtasari, yaani hukumu inayotolewa kwa viapo vya maandishi bila mashahidi kuhojiwa, pale mpangaji ambaye muda wake umekwisha au mkataba wake umefutwa hana utetezi wa kweli. Njia hii haitumiki inavyostahili, na sababu mojawapo ni ushahidi dhaifu. Mkataba wa upangaji ambao haukulipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kitabu cha risiti kilichojazwa kwa penseli na mlinzi wa ploti huzua maswali mengi kuliko majibu. Taarifa ya akaunti ya benki au ya malipo ya simu, ikiambatana na jedwali linaloonyesha kila mwezi uliolipwa na uliokosa, humaliza ubishi mwingi kabla haujaanza.

Ukiutazama mfumo huu wote, kasoro yake kubwa ni kiwango cha shilingi 2,500. Kipimo cha kodi ya kawaida katika Sura ya 296 kinarejea kwenye kodi iliyokuwa ikitozwa tarehe 1 Januari 1981, na tangu siku hizo thamani ya shilingi na hali ya miji vimebadilika kiasi kwamba mpangaji wa kipato cha chini katika mtaa wa kawaida wa Nairobi au Mombasa yuko nje ya ulinzi uliokusudiwa mtu kama yeye. Matokeo yake yanawaumiza wote wawili: mpangaji hana jopo la kukimbilia, na mwenye nyumba wa vyumba vichache, ambaye mara nyingi ni mstaafu anayeishi kwa kodi hiyo, hana pengine pa kudai ila mahakama ya kawaida yenye gharama na foleni. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha Sura za 293, 296 na 301 kuwa sheria moja, na kusudi hilo linastahili kuungwa mkono, kwa kuwa kufuli na kuezua paa hushamiri pale ambapo njia halali iko mbali na ni ghali.

Tanzania ilifuata njia tofauti. Sheria yake ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na upangaji ukabaki chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mikataba, huku migogoro ikisikilizwa na baraza la ardhi na nyumba la wilaya, baada ya mabadiliko ya mwaka 2021 kuliachia baraza la kata kazi ya usuluhishi tu. Katika mazingira hayo wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hujikinga kwa kudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Desturi hiyo inapunguza malimbikizo, lakini inahamishia mzigo wote kwa mpangaji anayeanza maisha, na inaonyesha kwamba pale ambapo kudai deni ni kazi ngumu, gharama ya ugumu huo hulipwa mapema na wale wasiodaiwa chochote.

Tukirudi Kenya, hukumu ikishapatikana, utekelezaji nao una taratibu zake, kwa kuwa mpangaji hutolewa na ofisa wa mahakama au dalali aliyepewa hati, na vyombo vyake huorodheshwa tena vinapotolewa nje ili mwenye nyumba asije kudaiwa kitu ambacho hakukiona. Amana ya kodi iliyowekwa mwanzoni huhesabiwa wakati huu, kwanza kwa ukarabati wa uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida na kisha kwa malimbikizo, na hesabu hiyo hupelekwa kwa mpangaji kwa maandishi. Salio linaweza kudaiwa mahakamani kwa muda wa miaka 6 tangu kila kodi ilipopaswa kulipwa, na kwa siku ambazo mpangaji alikaa baada ya mkataba kwisha hudaiwa fidia ya matumizi ya nyumba badala ya kodi. Kwa deni la miezi miwili au mitatu la mtu aliyerudi kijijini bila anwani, ada ya wakili na ya dalali huweza kulizidi deni lenyewe, na hapo wenye nyumba wengi, wakiwa wameshaipata nyumba kwa njia halali, huamua kuifunga hesabu hiyo na kutafuta mpangaji mwingine.